Rubani wa Kikoi

Jumamosi iliyopita, saa kumi na dakika ishirini alasiri, nilitua Zanzibar. Nilitua vizuri, magurudumu ya nyuma kwanza, pua baadaye, bila kudundadunda. Ubaya ni kwamba nilitua mbele ya mama mkwe, nimevaa kikoi na singlendi, chumba kimejaa moshi wa ubani, na nyumba nzima imejazana mlangoni ikingoja jini la Kizungu liseme linataka nini.

Nianze mwanzo, maana habari hii imeshafika gengeni, na kila anayeisimulia anaitia chumvi yake.

Mimi nina ugonjwa wa ndege. Za kweli sijawahi kuzirusha, na hesabu za nyumbani zinasema sitazirusha. Leseni ya rubani binafsi inataka si chini ya saa 40 angani, na bei ya saa moja angani ni ya kuulizwa ukiwa umekaa. Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikirusha za kwenye kompyuta. Nina usukani, nina pedali za miguu, na nina kiti cha plastiki ambacho mke wangu hukidai kila tunapopata wageni. Wanaonicheka wajue mchezo huu una ukoo. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, mtoto wa mtengeneza vinanda, alichukua mivukuto ya vinanda vya kiwandani kwa baba yake akaunda kindege kisichoondoka sakafuni. Marubani kwa maelfu walikuja kufundishwa ndani ya kindege kile wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1982 Microsoft ikatoa programu yake ya kwanza ya kurusha ndege, na tangu hapo wapo wanaume duniani wanaokaa kwenye kona za sebule zao wakiwaomba watoto wapunguze kelele kwa sababu abiria wamelala.

Kosa langu ni kutotosheka. Binamu yangu anayefanya kazi Maskati alikuja likizo na miwani ya uhalisia pepe, ile unayoivaa ukaiona dunia nyingine. Aliniuzia kwa bei ya undugu, yaani bei ya dukani ukiondoa risiti. Akaniapia kwamba nikishairusha ndege kwa kitu kile, kioo cha kompyuta nitakiona kama picha ya kalenda.

Kuiita miwani ni adabu tu. Ile ni sanduku. Pima nusu kilo ya sukari, ifunge usoni kwa mpira, kisha uambiwe ustarehe. Nimesoma kwamba mwaka 1968 profesa mmoja wa Marekani, Ivan Sutherland, alitengeneza kifaa cha namna hii, kikawa kizito hata ikabidi kining'inizwe darini. Shingo yangu inauliza ni nani aliyeamua kukiondoa darini.

Nisiwe mnafiki, siku ya kwanza nilinyamaza kimya. Kwenye kioo, chumba cha rubani ni picha unayoitazama. Humu umo ndani yake. Ukigeuka kushoto, bawa hilo hapo na nguzo yake. Ukiinama dirishani, mabati ya Tabata yanapita chini yako. Na kutua ndiko kulikonimaliza kabisa. Kila jicho linapewa picha yake, zimetofautiana kidogo, ubongo unaziunganisha na kupata umbali. Kwenye kioo nilikuwa natua kwa kubahatisha kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Sasa naiona ardhi inavyopanda kunipokea. Nilimwita mke wangu aje aone. Akaja, akanitazama, akasema, "Baba watoto, mimi naona mtu amejifunga sanduku usoni." Akarudi jikoni.

Hapo ndipo ugomvi wangu na kifaa hiki unapoanza. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi sasa nina macho manne na kila dakika naambiwa. Naiona Bahari ya Hindi yote, sioni mkono wangu mwenyewe. Kwenye chumba cha rubani swichi zote zinaonekana, zinang'aa, na haziguswi. Swichi ninazoweza kugusa ziko mezani, nazo hazionekani. Kikombe cha chai kiko mahali fulani katika ulimwengu wa walio hai. Mara mbili nimetaka kuongeza nguvu ya injini nikaingiza vidole kwenye chai.

Wenye uzoefu hushauri uweke alama za kupapasa. Nikaketi jioni nzima na gundi. Kwenye kitufe cha breki nikagandisha kifungo cha shati, kwenye kitufe cha taa kipande cha kibiriti, na kwenye kitufe cha flapu, zile mbavu za nyuma ya bawa zinazoshushwa wakati wa kutua, nikagandisha punje ya hindi. Usiku ule ule panya akaja akala flapu. Kesho yake nikawa napapasa kitufe kisicho na punje, kipanya cha kompyuta kikaanguka chini ya meza, nikawa rubani wa kwanza katika historia ya anga kuhujumiwa na panya wawili kwa mpigo, mmoja wa waya na mmoja wa mkia.

La pili ni tumbo. Safari yangu ya kwanza ndefu nilikwenda kuutazama Mlima Kilimanjaro. Ndege yangu ni Cessna 172, kindege cha watu wanne, na mwisho wake wa kupanda ni kama futi 14,000. Mlima una mita 5,895, ambazo ni zaidi ya futi 19,000. Kupita juu haiwezekani, basi nikaamua kuuzunguka, na kuzunguka ndiko kulikoniponza. Ndani ya sikio kuna vimajimaji vinavyoupelekea ubongo habari za mwendo. Macho yangu yakasema tumelala upande, tunakata kona. Sikio likasema acheni uongo, tumekaa kwenye kiti cha plastiki. Macho na sikio yakagombana, na faini ikalipwa na tumbo. Nilipofika upande wa Rombo nilikuwa nimekumbatia ndoo ya kuoshea vyombo, na kileleni sikuwa nimefika hata kwa macho.

La tatu ni kompyuta yenyewe. Programu ninayotumia, Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020, ilianza kukubali miwani hizi Desemba mwaka ule ule. Ilikubali yenyewe, kompyuta yangu haikuulizwa. Kila jicho linataka picha yake, na linataka nyingi, 72 au 90 kwa sekunde. Yangu ikijitahidi sana, na feni yake ikilia kama mashine ya kusaga, inatoa thelathini. Matokeo yake dunia inasitasita. Unageuza shingo upande, kisiwa cha Bongoyo kinabaki nyuma, kisha kinakumbuka na kukukimbilia. Nikapunguza ubora wa picha. Mawingu yakawa pamba ya godoro, nyumba zikawa sabuni za kipande. Saa za kwenye dashibodi zikafifia hata nikawa nasogeza uso karibu kama mzee anayesoma ujumbe wa simu ya mjukuu wake. Nikikaa nikilalama hivi mke wangu huuliza kwa nini nisirudi kwenye kioo. Hajui kwamba mtu akishaonja kukaa ndani, kukaa nje kunauma.

La nne ni joto. Waliobuni sanduku hili walikuwa kwenye nchi ya baridi, hilo halihitaji ushahidi. Livae Dar es Salaam mwezi wa Februari. Baada ya dakika kumi sponji imeloa, lenzi zimeingia ukungu, na rubani anatua kwa kukisia kwenye uwanja ambao jua linawaka. Ndiyo sababu ya kikoi na singlendi. Nataka hilo lieleweke mapema. Halafu ukivua, unabaki na alama mbili nyekundu kuzunguka macho, kama bundi. Nimewahi kwenda na alama hizo msibani. Mzee mmoja akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Vumilia mwanangu, wanawake wote ndivyo walivyo."

Na umeme ukikatika? Hapo ndipo utakapojua kwamba kifaa hiki hakina utu. Kompyuta inazimika, lakini miwani ina betri yake. Ndege inatoweka, badala yake inakurudisha kwenye nyumba yake ya kuanzia, sebule ya kifahari yenye madirisha makubwa na milima kwa mbali. Basi mtaa mzima giza, feni imesimama, mbu wameanza kazi, mke wangu anapiga kelele iko wapi taa ya kuchaji, na mimi nimekaa kwenye sebule nzuri kuliko zote nilizowahi kuingia, peke yangu, natokwa jasho.

Sasa turudi Jumamosi.

Nilikuwa nimeondoka uwanja wa Julius Nyerere kuelekea Zanzibar, karibu kaskazini moja kwa moja. Ni kilometa sabini na kitu, kama dakika ishirini kwa Cessna. Kunduchi ilipita chini yangu, Bongoyo na Mbudya kulia, kisha maji matupu. Masikioni nilikuwa na vipokea sauti, injini inanguruma. Nilikuwa nazungumza na mnara wa Zanzibar kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya redioni, na kwa ile sauti ya kukoroma ambayo marubani wote duniani wamekubaliana kuitumia. Yaliyotokea upande wa pili wa miwani nimesimuliwa na binti yangu, ambaye hakunyanyua kidole kunisaidia.

Mama mkwe aliwasili kutoka Pangani bila taarifa. Akaingia, akapokewa mizigo, akauliza mkwe wake yuko wapi. Akaoneshwa kwa kidole. Alichokiona ni mwanamume mzima kwenye kiti cha plastiki, uso umefunikwa, kichwa kinatazama juu, chini, kushoto, mikono inavuta vitu hewani, miguu inakanyagakanyaga, na kinywa kinasema Kizungu peke yake.

Yeye ni mtu wa pwani, hakupiga kelele. Alivua viatu, akamuuliza mwanawe taratibu, "Amekuwa hivi tangu lini?"

Mke wangu, kwa ukatili wake, akajibu, "Tangu binamu yake arudi Maskati, mama."

"Basi katumwa nacho," akasema mama mkwe. "Leteni chetezo."

Mimi nilikuwa futi 3,000 juu ya bahari, Chumbe inajitokeza kushoto, uwanja uko mbele. Nikasikia harufu ya moshi. Kwanza nikafurahi. Nikasema moyoni, hawa watu wa programu wameendelea kweli, hadi harufu wameweka! Kisha akili ikanirudia. Programu ya kompyuta haina harufu. Ikanirudia nusu tu, kwa sababu nusu nyingine ilikuwa Zanzibar, na rubani akisikia moshi angani kuna jambo moja tu la kufanya. Nikafunga mafuta. Injini ikazima. Ukimya ukaingia. Nikatangaza hatari kama sheria inavyotaka, mara tatu, kwa sauti kubwa: "Meidei! Meidei! Meidei!"

"Limejitaja jina!" akasema mama mkwe. "Linaitwa Meidei. Haya, liulizeni linataka nini."

Nami, bila kujua kwamba nahojiwa, nikauambia mnara kwamba naomba kutua. Kwa Kiingereza. Mke wangu akatafsiri, akishikilia mlango asianguke kwa kicheko, "Anaomba kutua, mama."

"Atue," akasema mama mkwe akizungusha chetezo kichwani kwangu. "Atue kwa amani, asimsumbue mkwe wangu."

Nikatua. Wasomaji wangu, bila injini, bila flapu, kwa ukungu kwenye lenzi, nilitua njia ya ndege namba 36 pale uwanja wa Kisauni kama unyoya. Sijawahi kutua hivyo na sitatua hivyo tena. Nilinyanyua mikono yote miwili kushangilia, nikavua miwani, na mbele yangu, ndani ya moshi, alikuwa amesimama mama mkwe na chetezo, nyuma yake mke wangu, watoto watatu, jirani wa mbele na jirani wa nyuma. Kikoi, kwa sababu ya zile pedali, kilikuwa kimelegea kuliko inavyoruhusiwa na dini yoyote.

"Shikamoo, mama," nikasema huku nikikikusanya kikoi.

"Marahaba, mwanangu. Umerudi?"

"Nimerudi, mama."

"Ulikuwa wapi?"

Nikafikiri niseme nini. "Unguja," nikasema.

Akawageukia wale wengine akatikisa kichwa, kama daktari aliyepata jibu la kipimo.

Kumweleza ukweli kulichukua jioni nzima na birika mbili za chai ya tangawizi, ambayo, niseme ukweli wake, ndiyo dawa pekee iliyowahi kulisaidia tumbo langu kwenye safari hizi. Alipoelewa, hakuomba radhi. Aliuliza, "Hiyo ndege yako inafika Pangani?"

Programu hii imeijenga dunia kwa picha za satelaiti na za ndege, kwa hiyo ndiyo, inafika. Nikamvalisha. Nilimwekea ndoo karibu, maana anatapika kwenye basi tangu Segera. Tukaruka kutoka Tanga. Hakutapika. Alikaa wima, mikono mapajani, kama anapigwa picha ya pasipoti.

Sasa sikilizeni jambo ambalo halijaandikwa kwenye kijitabu cha maelekezo. Mtu mwingine akivaa miwani, wewe rubani unabaki na kioo cha kompyuta, na kioo kinaonyesha kile anachokitazama yeye. Mama mkwe akitazama minazi, nami naona minazi. Akigeuka nyuma kutazama Tanga inavyobaki, nami nairusha ndege nikitazama ilikotoka. Abiria mwingine ungemwambia, wewe, tazama mbele. Mama mkwe humwambii hivyo. Nilikuwa nasema, "Mama, samahani, kama hutajali, naomba utupie jicho mbele kidogo." Naye, "Ngoja kwanza, nautafuta uwanja wetu."

Akaupata. Tukazunguka juu ya mdomo wa mto, mji upande huu, Bweni upande wa pili. Akanyamaza muda. Kisha akasema, "Mbona mwembe upo?"

"Mwembe gani, mama?"

"Wa uani. Tuliukata mwaka juzi."

Nikamweleza kwamba picha si za leo, nyingine zilipigwa zamani. Akatikisa kichwa, na dunia yote kwenye kioo ikatikisika pamoja naye. "Kumbe mkwe ndege yako inakwenda mpaka zamani," akasema, akainama kuutazama vizuri mwembe wake. Nami nikauona vizuri sana, mwembe peke yake, huku sioni mto, sioni upeo wa macho, sioni kasi. Tukaingia majini.

"Mbona tumezama?"

"Tumefika, mama."

Tangu siku hiyo miwani si yangu. Kila baada ya alasiri anataka apelekwe mahali. Ameshakwenda Lushoto, ameshakwenda Makka mara mbili, na jana aliniagiza nipite Maskati aone huyo binamu anakaa nyumba gani. Watoto wana zamu yao baada ya kazi za shule. Jirani wa mbele, yule aliyeniona na kikoi, naye ameanza kubisha hodi. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nachezesha pedali, narusha bila kuona, silipwi, sishukuriwi, nalaumiwa kwa kila mtikisiko. Mtu aliyetaka urubani amepewa udereva wa daladala.

Wanasema mcheza kwao hutuzwa. Nimecheza kwangu, nimefukizwa ubani. Kwa hiyo wewe unayefikiria kununua kitu hiki, sikukatazi. Angani kuzuri, na hakuna kioo kitakachokuonyesha hivyo. Lakini jua kwamba miwani hii inakuficha wewe usiione nyumba, haiifichi nyumba isikuone wewe. Chai iweke mbali, tangawizi iweke karibu, punje za mahindi ziache jikoni. Mlango ufunge kwa ufunguo. Na kabla hujawasha injini, vaa suruali.